Chambo cha Vuli na Pua Iliyokwenda Likizo

Kabla ya homa ya mwezi wa saba, pua ya Alcide Morin ilikuwa mali ya kijiji kizima. Pale Ziwa la Korongo Wawili, kaskazini mwa Saskatchewan, hakuna aliyehangaika na redio kujua kama mvua itanyesha. Walimwendea Alcide, naye alitoka nje, akainua kidevu, akavuta hewa mara moja na kusema, "Kesho mchana, tena na upepo." Inasemekana aliwahi kusimama mlangoni mwa kanisa, siku ya kufunga, akamtajia padri alichokula alfajiri, na padri akabadilisha mahubiri papo hapo. Inasemekana pia kwamba marteni, yule mnyama mwembamba mwenye umbo la nguchiro na koti ambalo wake wa matajiri hulililia, alikuwa akipita mbali na nyumba yake kwa aibu tu ya kunuswa. Hilo la mwisho alilisema Alcide mwenyewe, kwa hiyo tulipunguze nusu. Nusu inayobaki inatosha.

Kazi yake kubwa ilikuwa chambo. Kila vuli, majani yanapopukutika, wategaji wa ziwa zima walimletea chupa tupu, naye aliwarudishia zimejaa. Chambo cha marteni si nyama iliyooza tu. Nyama iliyooza hata mzembe anayo, aisahau tu mezani. Nyama ya panya wa majini hukatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, ikatiwa kwenye chupa pana ya kioo, kisha chupa ikazikwa hadi shingoni penye kivuli, kifuniko kikiwa kimelegezwa ili hewa itoke. Hapo nyama inaachwa iharibike kwa adabu, polepole. Halafu inafika siku moja, moja tu, ambayo uozo unageuka: unaacha kunuka msiba na kuanza kunuka jibini la kale lililomwagikiwa asali. Siku hiyo unausimamisha kwa unga wa boraksi. Unatia mafuta ya samaki yaliyoshinda juani kiangazi kizima, unatia tezi zilizosagwa za biva, yule mnyama wa mtoni anayeangusha miti kwa meno, na mwisho tone moja la maji ya kicheche ili upepo uibebe habari mbali. Ukiitangulia siku, marteni anapita bila kugeuza shingo. Ukichelewa, anapiga chafya na kwenda zake, na anayekuja ni dubu, ambaye hakuja kutegwa. Amekuja kula chambo na mtego wake.

Siku ile ilijulikana kwa pua. Nayo pua ya Alcide, baada ya siku tisa za homa, ilikufa.

Aligundua alipokwenda kuangalia mafuta ya samaki ukutani pa banda, upande wa jua. Alipofungua kifuniko, nzi watatu waliokuwa wakipita walianguka chali. Alcide akainamisha pua ndani. Hakuna kitu. Alikuwa kama anayechungulia glasi ya maji. Akajaribu kitunguu, akajaribu mafuta ya taa, akaenda ndani akajaribu soksi zake, zile ambazo marehemu mkewe Ernestine alikuwa akizishika kwa koleo la moto. Soksi nazo hazikuwa na la kusema.

Akaketi kwenye gogo la kupasulia kuni. Hakuwaza marteni hata mmoja. Alimwaza binti yake.

Miaka minne nyuma, siku walipomzika Ernestine, Clémence alitaka kuondoka naye. Ndiye mwanawe wa pekee, anaendesha basi la shule huko mjini kusini, na alikwisha kumtayarishia baba yake chumba. Alcide alikataa, binti akakazana, na mwishowe wakapeana mkono mbele ya Tobie, kaka yake Ernestine: siku kiungo chochote cha mzee kitakapokataa kazi, atashuka mjini bila ubishi. Kwa watu wale, mkono uliotolewa mbele ya mjomba hauvunjwi. Mtu aliyeuvunja haalikwi popote hata chai.

Chumba chenyewe Alcide alikijua. Kilikuwa na joto, kilikuwa na zulia, na dirisha lake lilitazama maegesho ya magari. Alilala humo siku mbili, akahesabu magari mekundu, na siku ya tatu akasema ana miadi na biva.

Na Clémence alikuwa anakuja mwezi wa tisa, kama kila mwaka, wiki mbili za kula samaki wa moshi na kumsaidia baba yake chambo.

Alcide akaamua kudanganya. Katika mambo ya kudanganya alikuwa na uzoefu kuliko mambo ya kutega.

Wiki ya kuja kwa mgeni alizika chupa zake, akapima kila kitu kwa kumbukumbu. Asubuhi ya kufika kwa ndege iliyomleta Clémence, Alcide alikuwa bandani akihamisha maji ya kicheche kutoka chupa kubwa kwenda ndogo. Kizibo kikamponyoka. Aliona kidogo kimemwagika mezani, akapangusa, akavaa koti na kushuka gatini. Hakuona kilichoingia kwenye ukosi.

Ndege ilikuwa imeshatua majini na inasogea. Watu walikuwa wengi gatini, na Alcide alipokaribia wakampisha njia, huku kulia, huku kushoto, kama bahari ya Musa. Akajiambia: kumbe heshima bado ipo. Mama Philomène, mwenye duka, alijifunika leso usoni, na Alcide akadhani analia kwa furaha ya ugeni. Rubani alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje. Akaurudisha.

"Baba!" Clémence aliruka gatini na mkoba wake, akapiga hatua mbili, akasimama kama aliyegonga ukuta. "Simama hapo hapo. Usisogee. Baba, umelala na kicheche au umemwoa?"

"Ah, hii?" Alcide alijiangalia, akaelewa, na bila kupepesa jicho akasema, "Hii ni makusudi."

"Makusudi!"

"Mbinu mpya. Mtegaji anajipaka kidogo mapema, ili wanyama wamzoee."

"Kidogo?" Rubani alisema kutoka ndani, dirisha limefungwa. "Mzee Alcide, samaki wanahama ziwa!"

"Wanyama wakuzoee, au watu wakusahau?" alisema Mama Philomène ndani ya leso.

Clémence hakucheka na wenzake. Alimtazama baba yake machoni, akamtazama puani, akarudi machoni. "Na wewe mwenyewe haikusumbui?"

"Inanisumbua sana. Nimeamua kuvumilia."

Koti lilitundikwa kwenye mti nyuma ya nyumba. Mti ule ulipukutisha majani wiki mbili kabla ya wenzake, na anayebisha aende akauangalie.

Siku mbili zilizofuata Alcide aliishi kama mwizi kwenye nyumba yake. Clémence akitengeneza chai, Alcide alisema haraka, "Mm, harufu nzuri," na binti akajibu, "Sijatia majani bado, baba." Mzee akipita karibu na zile chupa zilizozikwa, aliinama, akavuta hewa kwa kishindo, akatikisa kichwa kama daktari, na kusema bado kidogo. Ukweli ni kwamba hakujua kama ni bado kidogo au ilikwisha zamani. Wategaji kumi na wanne walikuwa wakingoja. Akiwapa chambo kibovu, habari ingefika kwa Clémence kabla ya theluji ya kwanza, na mkono ni mkono.

Siku ya tatu akaingia mtumbwini na Tobie kwenda kutoa nyavu. Tobie alikuwa mtu wa maneno machache na cheko refu. Walipofika katikati ya ziwa, mahali ambapo hata bata hasikilizi mazungumzo, Alcide akasema, "Shemeji, nikikwambia jambo utanicheka?"

"Inategemea jambo. Lakini ndiyo."

"Pua yangu imekufa."

Tobie aliacha kuvuta wavu. "Lini?"

"Wiki saba sasa. Ile homa."

Tobie akacheka. Alicheka mpaka mtumbwi ukachota maji, akayakumba kwa kopo huku bado anacheka, akajifuta macho. "Wiki saba! Shemeji, mimi nina miaka kumi na mmoja."

"Miaka kumi na mmoja ya nini?"

"Ya kutonusa kitu. Unakumbuka ile baridi niliyotumbukia kwenye barafu, pua ikageuka nyeupe kama mshumaa? Ilirudi rangi. Haikurudi na kazi."

Alcide alimwangalia kana kwamba amemwona leo. "Mwongo wewe. Mwaka ule nilipovunjika mguu, nani alijaza chupa za watu?"

"Mimi."

"Kwa pua ya nani?"

"Nani alilalamika?"

Alcide akafikiri. Hakuna aliyelalamika. Kwa kweli mtu mmoja alithubutu kusema chambo cha mwaka ule ni kitamu kuliko vyote, na Alcide hakumsalimia hadi Krismasi.

"Sasa ulijuaje siku yake?"

Tobie akagonga sikio lake kwa kidole chenye magamba ya samaki. "Nyama ikianza kuharibika inanguruma, shemeji, kama tumbo la mtu kwenye misa ndefu. Baadaye inatulia, inatoa mvumo, kama birika lililo chumba cha pili. Ukisikia mvumo, usile, usilale, kaa karibu. Mvumo ukikatika, yanabaki mapovu mojamoja. Tik. Unahesabu. Ukifika thelathini kati ya tik na tik, tia boraksi. Ukifika sitini, mwite dubu mapema mwelewane."

"Na miaka yote hii umenyamaza!"

"Ningekwambia ungenicheka miaka kumi na mmoja. Mimi nimekucheka mara moja tu, na tumemaliza." Lakini hakuwa amemaliza. Aliendelea kucheka hadi wavu wa tatu.

Mchana uleule walilala kifudifudi kivulini kando ya banda, kila mmoja sikio juu ya kifuniko. Chupa zilikuwa bado zinanguruma. Alcide aliposikia mngurumo ule, karibu aibusu chupa. Hakuwa amechelewa! Siku zote tatu alizotikisa kichwa kama daktari, kwa bahati tu, alikuwa amesema kweli.

Kesho yake mngurumo ukawa mvumo. Clémence akawakuta pale wamelala chini, makalio juu.

"Mnasikiliza nini?"

"Treni," alisema Tobie.

"Mjomba, reli iko mwendo wa siku mbili kutoka hapa."

"Ndiyo maana tunahitaji utulivu."

Clémence akawatazama, mikono kiunoni, akarudi ndani. Alcide akasema kwa sauti ya chini, "Ameamini?" Tobie akasema, "Huyo ni binti wa Ernestine. Usijidanganye."

Asubuhi ya pili mvumo ulikatika. Tobie alikuwa nyavuni, Alcide yuko peke yake, shavu limeganda kwa baridi ya kifuniko. Tik. Akahesabu hadi ishirini na mbili. Tik. Ishirini na sita. Jua lilipopanda juu ya misonobari alifika ishirini na tisa, na akainuka kwenda kuchukua boraksi. Clémence alikuwa amesimama mbele yake na ile boraksi mkononi.

"Leo nafungua mimi," alisema. Akaketi kwenye gogo. "Lakini kabla sijafungua, baba, niambie. Pua yako imekufa lini?"

Uongo wa namna nne ulikuwa umepanga foleni nyuma ya meno ya Alcide, tena mzuri, mmoja ukiwa na dubu ndani yake. Hata mmoja haukutoka.

"Wiki saba," alisema.

"Nilijua pale gatini. Nani anakwenda kumpokea mwanawe namna ile?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme. Nimengoja siku tano. Unajua ilivyo kazi kumtazama mzazi wako akisifia harufu ya maji ya moto?"

Alcide akaangalia ziwa. Lilikuwa limetulia, ukungu unanyanyuka, na upande wa pili ilionekana njia yake ya mitego ikipanda kilimani, ile aliyoikata na Ernestine wakiwa wachumba. "Chumba chako ni kizuri," alisema. "Kina joto. Mkono niliutoa na sitaurudisha. Lakini chambo kimeiva, Clémence. Kimeiva sasa hivi, na mchana kitakuwa kimeharibika. Nipeleke unakotaka, ila kwanza tukisimamishe. Watu wameleta chupa zao."

"Umejuaje kimeiva?"

"Nimekisikiliza."

Clémence akaweka boraksi chini. Alipiga magoti, akaondoa udongo shingoni mwa chupa ya kwanza, akazungusha kifuniko. Alikuwa na pua ya upande wa Ernestine, pua nyembamba isiyosamehe, na tangu akiwa mdogo alijua chambo kama watoto wengine wanavyojua peremende. Akainama. Akavuta hewa.

Alcide hakupumua. Aliona macho ya binti yake yakijaa maji. Aliona mkono wake ukishika jani la nyasi na kuling'oa. Kunguru mmoja aliyekuwa juu ya banda aliruka akaenda kukaa kwenye banda la jirani.

"Bado?" Alcide aliuliza. "Kimepita?"

"Nyamaza, baba." Akavuta tena, polepole. Akafunga macho. Akaenda chupa ya pili, akafungua, akanusa. Ya tatu. Halafu akakaa kitako kwenye majani makavu, machozi yanamtiririka, na akaanza kucheka.

"Jibini," alisema. "Jibini na asali. Ni yenyewe, baba. Siku yenyewe. Mama angehama nyumba."

"Alikuwa akihama," alisema Alcide. "Siku mbili kila mwaka, kwa Tobie."

Kisha naye akakaa chini pale alipokuwa. Wiki saba alikuwa amebeba kifua kama gunia la mawe. Sasa mtu amelikata kamba. Alivuta hewa kubwa ambayo haikuwa na harufu yoyote, na ilikuwa tamu.

"Unakaa?" Clémence alimtupia kopo. "Lete mafuta! Si umesema mchana kitaharibika?"

Walifanya kazi hadi saa nane. Alcide alipima, Clémence alikoroga, na kila baada ya muda alikwenda mbio nyuma ya banda, akarudi amepauka na kusema, "Endelea." Tobie aliporudi na samaki akamkuta shemeji yake anapiga mluzi, akajua.

"Sasa mkono," alisema Clémence alipokwisha kunawa mara ya sita. "Mjomba, wewe ndiye shahidi. Alisema siku kiungo kitakapokataa kazi. Kazi imekataliwa?"

"Mimi naona chupa za watu kumi na wanne zimejaa," alisema Tobie.

"Hata mimi naziona. Mambo ya chambo yamekwisha. Lakini kuna jiko. Umelala, cheche inaruka kwenye sakafu, moshi unaanza. Nani atakuambia?"

Alcide akalitazama jiko, na gunia likaanza kurudi kifuani. Tobie akamwokoa, au alidhani anamwokoa. "Nitahamia kwake miezi ya baridi. Mimi nitamwamsha."

"Wewe ukinusa moshi?"

Tobie akaangalia viatu vyake.

"Mjomba?"

"Miaka kumi na mmoja," alisema Tobie kwa sauti ndogo.

Clémence akawatazama wote wawili, kwa zamu. "Pua mbili mbovu hazijumlishi nzima moja!" Akavaa koti, akatoka. Wazee walibaki wamekaa kama watoto waliofukuzwa darasani, wakisikiliza mtumbwi unavyoondoka. Alirudi kutoka dukani kwa Mama Philomène na kitu cheupe, duara, kama sahani ya kikombe, akapanda kiti na kukipigilia darini juu ya kitanda.

"Kinafanya nini?" aliuliza Alcide.

"Kaanga mkate."

Alcide akatia mafuta kwenye kikaango, akaweka mkate wa sufuria, akauacha makusudi uungue. Moshi ulipofika darini, kile kisahani kikapiga ukelele ambao haujawahi kusikika ziwani tangu mzungu wa kwanza alipokanyaga mtego. Tobie aliruka na kikombe mkononi, chai ikabaki hewani peke yake. Mbwa wa ng'ambo wakajibu.

"Nimekisikia!" Alcide alikuwa akipiga kelele na kucheka, ameshika masikio yote mawili. "Clémence, nimekisikia!"

"Wamekisikia na waliokufa! Fungua mlango!"

Moshi ulipotoka na ukelele ukakoma, Clémence alimnyooshea kidole. "Hicho kinakaa juu ya kitanda chako. Betri nitabadilisha mimi kila vuli. Siku nikikuta umekitoa ili ukaange samaki kwa raha, tutapeana mkono upya, na safari hiyo ninakuja na lori."

"Sikitoi," alisema Alcide. Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alisema kitu asichokusudia kukigeuza.

Ilikuwa saa kumi na moja, saa ambayo kila kibanda cha mtegaji hufungua redio ya upepo ili watu wajuliane hali. Clémence akachukua kipaza sauti. "Mama Philomène, unanipata? Nisaidie simu moja. Mpigie mume wangu, mwambie kile chumba cha baba awahamishie mapacha wetu. Hakihitajiki."

Redio ikakwaruza. Kumbe ziwa zima lilikuwa linangoja neno hilo. Hakuna aliyeambiwa na hakuna asiyejua.

"Alcide anabaki?" sauti moja iliuliza kutoka mbali.

"Anabaki."

"Basi chupa zangu mbili azijaze mpaka juu."

"Mimi anizidishie tezi za biva," ilisema nyingine.

"Na mimi naomba ya tatu, kama imebaki," ilisema ya yule aliyewahi kunyimwa salamu hadi Krismasi.

Clémence akampa baba yake kipaza sauti. Alcide akakishika, akakisogeza mdomoni. 

"Zipo," alisema. "Njooni kesho. Na chupa za kuongeza mlete zimeoshwa, nasema zimeoshwa! Mwaka jana moja ilikuwa na harufu ya mafuta ya taa, ikaniharibia jina."

Tobie, aliyekuwa akipangusa chai kwenye shati, akainua kichwa. "Na mwaka huu utajuaje?"

Alcide akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Wao hawajui kwamba sitajua," alisema, akakigeuza kile kikaango na kuanza kukwangua mkate ulioungua.